Mama Mdogo wa Mwanangu

Wiki iliyopita niliwaacha getini, na mimi mwenyewe ni kama sijaondoka pale.

Kwa ambaye hakusoma: mwanangu wa kike ana miaka saba. Tunamwita Njiti, kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake na mpaka leo hajanenepa. Alishikwa na kifua na homa. Zahanati ya kwetu ile sindano ya kifua ilikuwa imekwisha tangu mwezi uliopita, tabibu akaniandikia barua ya hospitali ya wilaya. Wilayani daktari mmoja alikuwa likizo, mwingine semina. Nikaambiwa nirudi wiki ijayo, kana kwamba homa nayo ina likizo.

Sikurudi. Nilipanda trela la trekta juu ya magunia, nikatembea pale trekta ilipoishia, nikafika hospitali kuu Jumatatu asubuhi, mtoto mgongoni hasemi. Mlinzi akaisoma barua yangu, akanirudishia. Akasema hii ni ya kwenda wilayani, siyo ya kuja hapa. Mgonjwa wa kijijini haingii hospitali kuu bila barua ya wilaya. Rudi wilayani wakuandikie nyingine.

Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro na mwanangu mapajani. Hapo ndipo nilipoishia.

Leo nasema lile ambalo hata baba yake Njiti sijamweleza lote. Nalisema kwa sababu najua kuna mama atasoma gazeti hili hata kama limemfikia likiwa limefungiwa sabuni, na ndani ya mkoba wake ana kadi ya kuazima. Mama, nisikilize mpaka mwisho.

Nina dada. Tumenyonya ziwa moja, yeye ndiye mkubwa. Kwa miaka kumi na moja sasa anafua mashuka ya hospitali ile ile, na pale wote wanamwita Mama Povu. Sikutaka kumsumbua, maana kwetu mtu akiumwa hata jino anamfikia yeye. Lakini nilipoona midomo ya Njiti inageuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau, nilimwomba mlinzi aniitie.

Akatoka na aproni inachuruzika maji. Hakunisalimia. Alimtazama Njiti, akamgeukia mlinzi, akasema huyu ni mdogo wake, amekuja kumtembelea.

Mlinzi akamtania kwamba ndugu zake hawaishi, wanaota kama magugu.

"Na wewe utaotea hapo hapo getini usipotupisha," dada akasema.

Lango likafunguka. Ndivyo nilivyoingia hospitali kuu, kwa mzaha.

Hatukwenda mapokezi. Dada alinivuta nyuma ya chumba cha kufulia, kwenye kamba za mashuka, mahali ambapo hata mtu akipita hatua tatu kutoka ulipo hakuoni. Akatoa kadi kifuani. Ilikuwa kadi ya matibabu ya binti yake.

Binti yake tunamwita Bonge. Yeye na Njiti wamepishana miezi miwili tu, lakini ukiwaweka pamoja utadhani mmoja amekula chakula cha wote wawili. Bonge mwenyewe hakuwepo. Shule zilikuwa zimefungwa, alipelekwa kwa shangazi yake, mbali huko ambako hata simu haishiki.

Dada akaniambia kwamba mtoto wa mfanyakazi haulizwi barua. Anaingia na kadi, anatibiwa siku hiyo hiyo. "Wiki hii Bonge ni huyu," akasema.

Nikamuuliza kama si kosa. Akanionyesha kwa kidevu karatasi iliyobandikwa mlangoni. Nimesoma mpaka darasa la saba, kusoma najua. Iliandikwa kwamba mfanyakazi atakayetoa kadi ya familia yake kwa mtu asiyehusika ataachishwa kazi siku hiyo hiyo. Mwaka jana iliondoka na mama mmoja wa jikoni, mwenye watoto watano.

"Kwa hiyo tusikosee," dada akasema.

Kisha akaniomba barua ya tabibu. Nikampa nikidhani anataka kuisoma. Akaisokota, akaisukuma kwenye moto uliokuwa chini ya pipa la maji ya kufulia. Akasema nikikutwa na karatasi yenye jina jingine tumekwisha sote.

Niliiangalia ikijikunja. Barua ile tabibu alikuwa ameijaza pande zote mbili, ameandika kila dawa aliyowahi kumpa mwanangu. Wakati ule niliona ni karatasi tu.

Tukamfundisha Njiti. Nilipiga magoti mbele yake, shuka lililolowa linanipiga mgongoni.

"Ukiulizwa mama yako ni nani?"

"Wewe," akasema.

"Hapana. Mama yako ni huyu. Mnyooshee kidole."

Akamnyooshea mama yake mkubwa kidole.

"Na mimi ni nani?"

"Mama mdogo," akasema.

"Vema. Ukikosea, hata mara moja, watatutoa nje na hutapata dawa. Umesikia?"

"Mpaka lini?" akauliza.

Nikamwambia mpaka tutoke hapa. Akaitika. Njiti ni mtoto wa kuitika. Shuleni kwao mwalimu huwaambia wenzake wampigie makofi kwa sababu ya kushika haraka. Alilishika somo langu mara moja tu.

Mapokezi karani hakunyanyua hata kichwa. Alisoma namba ya kadi, akavuta faili, akamkabidhi dada. Tukapanda wodi ya watoto. Huko tulipokelewa na muuguzi mkubwa wa wodi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya shingo. Nitamwita Miwani.

Miwani akamweka Njiti kwenye mzani. Akaangalia mzani, akaangalia kadi, akaangalia mzani tena.

Kadi ilisema mtoto huyu miaka miwili iliyopita alikuwa na kilo ishirini na nne. Mzani ulisema kumi na sita.

"Mama Povu," akamwambia dada, "mtoto wako amekwisha hivi na wewe uko hapa hapa unatufulia mashuka?"

Dada akainamisha kichwa, akasema kazi nyingi. Miwani akasikitika mpaka akavua miwani. Akasema mtoto wa kukua akirudi nyuma kilo nane si mtoto wa kupanga foleni. Wakati huo kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa kina mama tisa na watoto wao. Tukawapita wote. Njiti akapewa kitanda cha pembeni ya dirisha, akawekewa mrija wa hewa puani.

Uongo ulinipa kitanda. Nilimshukuru Mungu kwa uongo, na naomba anisamehe.

Na lugha yetu nayo ilinificha vizuri. Njiti akiweweseka na kuita "mama," naitika mimi, na hakuna aliyeshangaa, maana mama mdogo naye ni mama. Dada alikuwa akipita mara mbili kwa siku na kitoroli cha mashuka machafu, anamgusa paji la uso, anaondoka. Wodi nzima ilimsifu kwa moyo wake wa kujikaza. Mimi nilisifiwa kwa kumpenda mtoto wa dada yangu kama wangu.

Daktari alikuja saa sita mchana. Mwanamke, bado kijana, anaongea haraka. Alisikiliza kifua mbele na nyuma, akatazama picha ya kifua, akasema ni mapafu, upande wa kulia umejaa, lakini tumewahi. Akataja sindano. Moyo ukanitulia, maana niliitambua kwa jina. Ni ile ile ya unga mweupe unaochanganywa na maji, aliyopigwa Njiti mvua za mwaka jana pale zahanati, akapona siku ya tatu akawa anafukuza kuku.

Kabati la dawa liko hatua sita kutoka kitanda cha Njiti. Nilizihesabu baadaye, mara nyingi mno. Miwani alilifungua, akatoa kichupa, akachanganya, akavuta dawa, akaligonga bomba la sindano kwa kucha kutoa mapovu. Akalifunua faili ili aandike saa.

Akasimama hapo hapo.

Akaliweka bomba kwenye sinia. Akamwita daktari, akamwonyesha ukurasa. Hata kutoka nilipokaa niliona wino mwekundu.

Nilinyanyuka kuuliza. Daktari akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu wa shamba. Mtoto huyu alishapigwa sindano hii miaka miwili iliyopita, mwili ukaikataa. Alivimba koo, nusura afe. Sindano hii kwake ni sumu. Atapewa nyingine.

Nilitaka kusema huyu siye. Nikaikumbuka karatasi ya mlangoni.

Miwani akaongeza kwamba hiyo nyingine imekwisha stoo tangu Ijumaa, lakini gari la dawa linaingia kesho. Kwa leo atapewa ya maji ya kunywa, ni dhaifu kidogo, itamshikilia. Akaimwaga ile dawa ya kwenye bomba kwenye sinki.

Nilitazama inavyoteremka. Dawa ya mwanangu, imechanganywa, imepimwa, inakwenda na maji.

Nilikimbia kwa dada. Alikuwa anazungusha mashuka kwenye pipa kwa mti mrefu, mvuke umemfunika. Nikamuuliza kama Bonge aliwahi kuvimba kwa sindano.

Mti ukamponyoka, ukazama kwenye pipa.

"Nilisahau," akasema. "Wallahi mdogo wangu, nilisahau. Nilidhani Njiti ana malaria tu, siku mbili mnaondoka."

Nikamwambia nakwenda kusema. Akanishika kanga kwa mikono iliyolowa. Akaniambia nifikirie kwanza. Gari linakuja kesho, hiyo dawa nyingine inatibu vile vile. Nikisema leo, yeye atatoka getini leo, na mimi pamoja na Njiti tutatoka naye, maana hatuna barua na hatuna kadi. Nitampeleka wapi? Wilayani kwenye semina?

"Usiku mmoja," akasema. "Vumilia usiku mmoja tu, tusife sote."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Ndiyo maana nawaambia uongo wa namna hii ni mbaya kuliko mwingine. Ukishauingia, kila mlango unaofuata una sababu nzuri.

Nikavumilia.

Jumanne gari halikuja. Walisema limekwama kwenye tope. Kumbe barabara iliyonitesa mimi iliitesa na dawa.

Jumatano asubuhi gari likaja. Niliwahi dirishani kuliona, nikamwambia Njiti dawa hiyo imefika. Walishusha maboksi, Miwani mwenyewe akaenda stoo na karatasi yake ya kuagiza. Alirudi na glavu, sabuni na pamba. Dawa ile haikuletwa.

Siku hiyo Njiti aliacha kula. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Alikuwa anaongea maneno mawili, anapumzika, anaongea mawili.

Nikapiga moyo konde, lakini nusu tu. Nilimfuata Miwani pale mezani kwake, nikamwambia labda faili lilikosewa. Nikasema mimi ni mama mdogo, mtoto nimemlea tangu mchanga, sikuwahi kuona akivimba. Nikamwomba ampige ile sindano, lawama iwe juu yangu.

Miwani alinitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza.

"Mama mdogo, mimi ndiye niliyekuwa zamu siku ile," akasema. "Uso ulivimba mpaka macho hayaonekani. Nilimpulizia hewa kwa mdomo wangu huu. Wino ule mwekundu ni mwandiko wangu. Unataka nimuue kwa mkono ule ule niliomponya nao?"

Mtoto aliyemponya alikuwa mnene, uso umefura. Angejuaje kwamba Njiti siye?

Akanipa kitambaa nifute macho. Akaniambia niombe.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Njiti aliniita karibu. Nikainama. Alikuwa amechoka, midomo imekauka, lakini akili yake ilikuwa pale pale. Aliangalia kwanza kama kuna mtu, kisha akaninong'oneza sikioni.

"Sijakosea," akasema. "Hata mara moja."

Aliniambia hivyo ili nifurahi.

Nilinyanyuka pale kitandani. Daktari alikuwa katikati ya wodi anakagua vitanda, Miwani nyuma yake na mafaili. Sikungoja wafike kwetu. Nilisimama mbele yao, nikapiga magoti sakafuni.

Nikasema yote. Kwamba huyu si mtoto wa Mama Povu, ni wangu, nimemzaa mimi. Kwamba kadi ni ya kuazima. Kwamba aliyevimba ni mwingine, yuko kwa shangazi yake. Kwamba wangu alishapigwa sindano ile mwaka jana na hakupata hata kipele. Nikamwambia daktari kabati lile pale, afungue, ampige sasa hivi, halafu waniitie polisi au yeyote wanayemtaka.

Nilidhani nikishasema kweli itajibeba yenyewe. Sikujua kweli nayo ina foleni yake.

Daktari alimgeukia Miwani. Miwani akamwambia, kwa sauti ya chini lakini nilisikia, kwamba jana mama huyu alisema faili limekosewa.

"Jana faili limekosewa," daktari akaniambia. "Leo mtoto si yeye. Kesho utaniambia nini, mama mdogo?"

"Mimi si mama mdogo," nikasema.

Akaniuliza nina karatasi gani. Nikasema nilikuwa na barua ya tabibu. Iko wapi? Imechomwa. Nani aliiona? Mlinzi wa Jumatatu. Miwani akasema mlinzi huyo amemaliza zamu zake, yuko kwao mpaka Jumapili. Nikataja namba ya simu ya tabibu, ninaijua kwa kichwa. Daktari akaipiga palepale mbele yangu, akaniwekea sikioni. Haipatikani. Kwetu simu inashika ukiwa juu ya kilima tu, na tabibu hatibu watu kilimani.

Akasema jambo moja ambalo siwezi kumlaumu. Alisema amewaona kina mama wengi wakisema lolote ili mtoto apigwe sindano. Kama ninasema kweli na asipompiga, mtoto anaweza kufa. Kama ninasema uongo na akampiga, mtoto atakufa mkononi mwake baada ya dakika tano. Akasema kuna mtu mmoja tu wa kumaliza hili.

"Muiteni mama yake."

Walimaanisha dada yangu.

Alikuja na mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko. Nadhani walikuwa wameshamwambia njiani, maana hakuniangalia. Alisimama upande wa pili wa kitanda. Mimi huku, yeye kule, Njiti katikati na mrija wake wa hewa.

Nilimtazama dada yangu kwa macho ya kumwomba. Nikamwambia kwa lugha ya nyumbani kabisa, ile tuliyokuwa tukiongea tukichota maji, kwamba kazi itapatikana nyingine, nitamlimia, nitalea watoto wake, nitafua nguo zake mpaka nife. Aseme tu.

Daktari akamuuliza, "Mama Povu, mtoto huyu ni wako au si wako?"

Dada aliyatazama mafaili kwenye mikono ya Miwani. Alimtazama msimamizi wa wafanyakazi, aliyekuwa amefika mlangoni na kusimama. Huyo ndiye aliyebandika ile karatasi. Povu lilikuwa linadondoka kwenye vidole vyake, tone moja moja, sakafuni.

Dada huyu alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Nilipovunja chungu cha mama, yeye ndiye aliyesema amekivunja yeye, akapigwa. Nilijua atasema.

"Ni wangu," dada akasema.



"Ni wangu," akarudia, na sasa alikuwa analia. "Mdogo wangu hajalala siku nne, daktari. Amechanganyikiwa. Anampenda sana huyu mtoto. Msimpige ile sindano. Mimi ndiye mama yake, nimekataa."

Nilimrukia juu ya kitanda. Wauguzi wawili walinidaka mabega. Nilikuwa napiga kelele kama mwendawazimu, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyofanana na alichokisema. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akawaambia wanipe maji. Mwingine akasema maskini, ameshindwa.

Daktari akainua mkono, nikanyamaza. Nilimwona anasita. Mpaka leo naamini alisita. Alinitazama, akamtazama dada, akatazama viatu vyangu vilivyokauka tope la njiani. Kitu kilikuwa hakimkai sawa.

Akaketi kitandani. Akamwondolea Njiti nywele usoni, akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mwanangu," akamwambia. "Unanisikia? Usiogope. Hapa hakuna atakayekugombeza. Niambie kitu kimoja tu. Mama yako ni nani?"

Kina mama wa vitanda vya jirani wakasogea.

Njiti akafumbua macho. Alimtafuta daktari, akampata. Akanitafuta na mimi, nikiwa nimeshikwa mabega, uso umelowa. Nilitikisa kichwa. Nilitaka kusema, muuguzi akaniashiria ninyamaze. Nikatikisa tena, nguvu zangu zote. Sijui alielewa nini. Labda alidhani ninamwambia asikosee.

Akatoa mkono chini ya shuka. Ulikuwa mwembamba kama jina lake. Ukapanda taratibu, ukapumzika kidogo hewani, ukapanda tena.

Akamnyooshea kidole dada yangu.

"Yule," akasema. "Huyu ni mama mdogo."

Kisha akageuza uso kwangu na kunitazama, kama anavyomtazama mwalimu wake akishajibu swali, akisubiri wenzake wampigie makofi.